Ringi hazikupimwa, na mwenye gari ndiye niliyelipa mara mbili

Injini iliyotoka kufunguliwa yote na kufungwa upya haipaswi kuendelea kunywa oili ringi zake, yaani pete zinazozunguka pistoni na kuziba gesi na oili, zikishakaa. Yangu ilianza kunywa mara tu nilipoanza kuikanyaga, na nilipoirudisha nikaambiwa usoni kwamba turbo ndiyo mbovu. Naandika nikiwa bado na hasira. Mkiona narudia jambo moja, mniwie radhi, maana ni hilo moja lililoniua.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Silinda nne, kipenyo cha kila moja 86 mm, turbo. Pistoni mpya za alumini ya kufuliwa (ya kugandamizwa kwa nguvu, si ya kumiminwa), ringi zake, beringi, gasketi, vyote vipya na vyote nilivinunua mwenyewe. Ndani ya boksi la pistoni kulikuwa na karatasi inayoeleza mianya ya ringi, na nilimkabidhi fundi mkuu mkononi. Karatasi inasema wazi kwamba ringi zile si za kutoa kwenye pakiti na kuvalisha. Unaiweka ringi peke yake ndani ya silinda yake, unapima kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, mwanya uliobaki kati ya ncha zake mbili, na ukiwa mdogo unasaga hadi utoshe. Kwa injini ya turbo hesabu ni kipenyo mara 0.0055, yaani kwangu kama 0.47 mm kwa ringi ya juu. Ya pili inaachwa pana zaidi kidogo, ili gesi iliyopenya ya kwanza isinaswe katikati na kuinyanyua kutoka kwenye mfereji wake.

Siku ya kufunga nilipita gereji nikauliza swali moja tu, kwa heshima zote: fundi, mianya ya ringi mmeipima? Hakuniangalia. Akasema, "Dada, ringi mpya zinakuja zimepimwa kiwandani. Kazi yako ni kuendesha, hizi hesabu tuachie sisi." Vijana wake wakacheka. Karatasi yangu ilikuwa mezani pale, imewekewa kopo la grisi juu, na ule mkunjo niliompa nao ulikuwa haujafunguliwa.

Nililipa, nikachukua gari. Mwanzoni niliridhika kabisa, niseme ukweli. Asubuhi ilikuwa inagongagonga ikiwa baridi, ila pistoni za kufuliwa huachiwa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hutanuka sana zikipata moto, na mlio ulikuwa unaisha injini ikipata joto. Hilo sikulilalamikia. Niliendesha kwa oili ya kawaida ya madini, bila kulazimisha turbo, nikiipa mzigo na kuiachia ili ringi zikae. Shida ilianza nilipoanza kuikanyaga. Moshi wa bluu nyuma. Kijiti cha oili kikawa kinasukumwa juu na pumzi ya ndani. Bomba la kupumulia la injini likawa linatema oili hadi kwenye intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo.

Nikarudi kwao. Bila kuchomoa hata plagi moja, fundi yule yule akasema turbo imekufa sili, ninunue nyingine. Nikamwambia nimefungua bomba, nimeshika shafti ya turbo kwa vidole, haichezi kupita kiasi, na ile oili inatokea kwenye bomba la kupumulia. Jibu lake: "Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

Sikubishana. Nilipeleka gari kwingine, na hapa nabadilika sauti kidogo, kwa sababu huyu wa pili ni fundi kwelikweli. Hakusema lolote kabla ya kupima. Kompresheni: silinda tatu kati ya nne zilikuwa karibu na psi 150, ila silinda namba tatu ilikuwa 90. Akamimina oili kidogo ndani ya hiyo namba tatu, akapima tena, ikapanda. Valvu zikivuja, oili haiwezi kukusaidia hivyo. Kisha akaingiza upepo wa kompresa pistoni ikiwa juu, akaniambia nisikilize mwenyewe. Kwenye egzosi kimya. Upande wa kuvutia hewa kimya. Nilipofungua kifuniko cha kuwekea oili, upepo ukanipiga mkononi. Ulikuwa unapita ubavuni mwa pistoni na kushuka chini.

Tulipofungua ndipo nilipotaka kulia. Pistoni ya tatu, ule ukuta mwembamba ulio kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na wa pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Silinda imechorwa mistari ya wima, ukipitisha ukucha unakwama. Na ncha za ringi ya juu, zote mbili, zilikuwa zinang'aa kama kioo. Fundi akaninyooshea: hapo zimegusana. Ringi ikipata moto inarefuka. Ikikosa mwanya, ncha zinakutana, haina pa kwenda, inajitanua na kukandamiza ukuta wa silinda, huku pistoni inaendelea kuivuta juu na chini. Kinachofuata ni kukwaruza silinda au kuvunja pistoni, na mimi nilipata vyote viwili. Akachukua ringi kutoka silinda isiyoumia, akaiweka mahali pake, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa. Fila ya 0.25 ikaingia kwa shida. Ya 0.30 ikagoma. Karibu nusu tu ya kilichoandikwa kwenye karatasi yangu!

Bloku ilibidi ichongwe hadi 86.5, pistoni zote nne za saizi ya juu, ringi mpya tena. Safari hii nilisimama nikaona kila ringi inapimwa. Alikuwa anasaga ncha moja tu, kutoka upande wa nje kuelekea ndani ili asibandue rangi ngumu ya usoni mwa ringi, anafuta makali kwa jiwe, anarudisha kwenye silinda, anapima tena, anaandika namba ya silinda kwa kalamu. Kazi ya uvumilivu tu. Haikuhitaji mashine yoyote ambayo ile gereji ya kwanza haina. Fila ilikuwepo kwao, niliiona ikining'inia ukutani.

Sasa injini iko safi. Nimeikanyaga, moshi hamna, kijiti cha oili kinakaa mahali pake na oili inabaki kwenye alama.

Kuhusu gereji ya kwanza, nataka niwe mwadilifu. Krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, waliifunga vizuri. Fundi wa pili alikagua beringi zote akasema hazina doa, akazitazama mara mbili. Misalaba ya kuhoni, yaani mistari inayopishana iliyosuguliwa ukutani, ndani ya silinda zisizoumia nayo ilikuwa imekaa pembe nzuri. Kwa hiyo mikono wanayo, na mwenye gari la kawaida lisilo na turbo, akitaka kubadilisha beringi au gasketi ya hedi, pengine angetoka pale akiwa ameridhika. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, niseme wapelekeeni kazi ndogo.

Lakini nimewapelekea ile pistoni iliyomeguka na ringi zake, nikaziweka mezani, nikaomba angalau wachangie gharama ya kuchonga bloku. Fundi akaigeuza pistoni mara moja, akasema nimeiendesha vibaya. Ncha zinazong'aa hakuziangalia, na fila hakuishusha ukutani. Mtu aliyeletewa ushahidi mkononi na bado hataki kupima, hata gasketi ya hedi msimpelekee.