Stashahada ya Ustawi wa Jamii kwa anayelenga hospitali: inafaa, ila chagua vizuri pa kufanyia vitendo

Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, ipo tangu 1973, na kwa fani hii bado ndiyo jina la kwanza kutajwa. Unaanza na cheti (NTA 4, ngazi ya tuzo za taifa za elimu ya ufundi), unapanda hadi stashahada (NTA 6). Shahada ni miaka 3. Nadharia imeshiba: ushauri nasaha, sheria ya mtoto, maadili.

Wodini kazi ina sura nyingine. Msamaha wa matibabu, yaani kumwondolea gharama asiyeweza kulipa, ndio unaokula muda: unamhoji mgonjwa na ndugu, unadai barua ya serikali ya mtaa, unajaza fomu, unaandika mapendekezo. Wageni wa kazi huandika “hana uwezo” basi. Hiyo haimsaidii mkaguzi wala mgonjwa. Andika kipato, wategemezi, nani anamlisha. Kosa jingine ni kusubiri siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka: bili imeshapanda, ndugu wamezima simu. Fungua jalada siku anapolazwa.

Kwa hiyo omba vitendo hospitali ya rufaa yenye ofisi ya ustawi inayofanya kazi kweli, si ile itakayokuweka mapokezi kupanga mafaili. Majeruhi wa ukatili, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), watoto waliotelekezwa: hayo darasani hutayaona.