Uzoefu wangu na waini nyeupe drai za bonde la Loire, Ufaransa

Wadau habari zenu. Mimi naishi Tours, mji uliopo katikati ya bonde la mto Loire, na hizi waini nyeupe drai (yaani zisizo na utamu wa sukari) za huku nimezinywa vya kutosha mpaka nina msimamo, kwa hiyo nianze na msimamo wenyewe ili asiye na muda asihangaike: hela yako iweke kwenye waini za zabibu ya Chenin, ile maarufu ya Sancerre usiinunue kwa ajili ya jina tu, na chupa yoyote utakayochukua itoe kwenye friji mapema. Sasa maelezo.

Loire ndo mto mrefu kuliko yote Ufaransa, unazidi kilomita 1,000, na mizabibu imeufuata kuanzia huko ndani Sancerre mpaka Nantes karibu na Atlantiki, kwa hiyo mtu akikwambia waini ya Loire iko hivi au vile muulize kwanza ipi. Kwa nyeupe drai shika zabibu tatu. Upande wa baharini ni Melon de Bourgogne, inatoa Muscadet. Katikati, yaani Anjou, Saumur na Touraine, ni Chenin Blanc. Juu kule Sancerre na Pouilly ni Sauvignon Blanc. Kuna na nyingine ndogondogo kama Romorantin ya Cour-Cheverny, nzuri tu ukiipata kwa mkulima anayeijali, ila madukani kuikuta ni kazi.

Muscadet naiheshimu sana na naona watu wanaionea kwa sababu ni ya bei nafuu. Hiyo zabibu asili yake Bourgogne, mkoa wa mashariki mwa Ufaransa, ikashika ukanda wa Nantes baada ya baridi ya 1709 kuua mizabibu iliyokuwepo, yenyewe ikaonekana inavumilia. Kwa harufu haina makuu. Uzuri wake unatoka kwenye kulazwa: angalia lebo kama imeandikwa sur lie, maana yake imekaa juu ya mashapo ya hamira kipindi chote cha baridi na haitiwi chupani kabla ya mwezi wa tatu, na wengi kule wanaiweka kwenye matangi yaliyochimbwa chini ya ardhi. Hayo mashapo ndo yanaipa mwili, yaani uzito mdomoni, na kale kaladha ka mkate, halafu zinabaki gesi kidogo zinazochoma ncha ya ulimi kwenye funda la kwanza. Ndimu, tufaa la kijani, chumvichumvi ya bahari, basi. Kwa chini ya euro 10 sijaona kitu cha kuishinda mezani ukiwa na chaza, kome au samaki wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu.

Ukiongeza hela kidogo tafuta chupa yenye jina la kijiji, Clisson, Gorges au Le Pallet. Hivi vijiji vimetambuliwa rasmi tangu 2011 na masharti yao ni makali, Clisson kwa mfano inalala na mashapo si chini ya miezi 24. Hapo unakuta Muscadet nyingine kabisa, nzito, ina lozi, ina kitu kama peasi lililoiva, na unaweza kuiacha miaka na miaka ikazidi kuwa nzuri. Wanaosema Muscadet ni maji ya ndimu hawajafika hapo.

Haya, Sancerre na ndugu zake. Sauvignon ya Sancerre ikiwa nzuri ni nzuri kweli, sibishi, pua yake balungi, majani ya nyanya, na ile harufu ya jiwe lililogongwa likatoa cheche, hasa zile zinazotoka kwenye udongo wa gumegume wanaouita silex. Kuna na udongo mweupe wa mfinyanzi na chokaa wenye visukuku vya makombe ya kale, hizo zinatoa waini yenye mwili na inayodumu zaidi. Ng'ambo ya mto kuna Pouilly-Fumé, zabibu ileile, na mimi naiona ina moshimoshi kidogo na imetulia zaidi. Angalizo kwa wanaonunua mara ya kwanza: Pouilly-sur-Loire ni zabibu nyingine inaitwa Chasselas, nyepesi sana, na Pouilly-Fuissé wala haitoki Loire, hiyo ni Chardonnay ya Bourgogne. Majina yanafanana, vilivyomo ni tofauti kabisa.

Tatizo langu na Sancerre ni bei. Chupa ya kawaida huku inaanzia kama euro 20 na kupanda, na humo ndani kuna nyingi ambazo mkulima anajua jina litauza, mavuno anayavuta mengi, waini inatoka nyepesi, kali mdomoni halafu inakatika ghafla. Jioni moja tulizifunika chupa kwa foili, mimi, mke wangu na shemeji, tukaweka Sancerre mbili, Menetou-Salon moja, Quincy moja (nayo Sauvignon ya ukanda huohuo) na Sauvignon ya Touraine ya bei ya chini kabisa. Mke wangu na shemeji wote waliiweka Menetou-Salon mbele, na mimi pia. Menetou-Salon inapakana na Sancerre, zabibu ileile, na upande wa kijiji cha Morogues hata udongo ni uleule wa chokaa na visukuku, lakini bei inapungua euro tano mpaka nane. Ile ya Touraine tuliijua mara moja kwa harufu ya pera na pashoni, harufu imejaa glasi nzima ila ukimeza hakuna kinachobaki. Shemeji aliipenda hivyohivyo, akasema, "Shem, hii ya kunywea juani sio ya kukaa nayo mezani," na hapo nakubaliana naye kabisa.

Mimi nahukumu waini kwa kitu kimoja kabla ya vyote: ukimeza, ladha inakaa muda gani na inaishia wapi. Harufu nzuri kila mtu anaweza kukutengenezea siku hizi kwa hamira za dukani na baridi ya tangi. Kule mwisho wa funda hakudanganyiki.

Na kwa kipimo hicho ndo Chenin inawaacha wote.

Chenin asidi yake ni kali sana na hiyo ndo nguvu yake, ndo maana zabibu moja hiyohiyo inatoa waini drai, ya utamu kiasi, tamu kabisa na ya mapovu. Na ndo maana ukinunua Vouvray uwe makini na lebo. Wengi hawaandiki chochote, neno Vouvray tu na mwaka, unafungua ukitegemea drai unakutana na sukari. Tafuta neno sec, ndo drai kwa Kifaransa. Ukiona tendre ujue kuna sukari kidogo imebaki, na demi-sec ni utamu unaousikia wazi. Na hata iliyoandikwa sec sheria inairuhusu kubaki na sukari kidogo, ila kwa asidi ya Chenin hiyo sukari huisikii kama utamu, unaisikia kama unene. Kama hakuna maandishi muulize muuzaji, na muuzaji asiyejua usinunue kwake.

Ng'ambo ya Vouvray, kusini ya mto, kuna Montlouis-sur-Loire. Zamani waini yao iliuzwa kama Vouvray, wakapata jina lao 1938, na kwa drai mimi siku hizi naenda Montlouis kwanza. Treni kutoka Tours ni dakika chache. Mapango ya kuhifadhia yamechimbwa kwenye jiwe jeupe laini la tuffeau, lilelile lililojenga makasri ya huku, na ndani kuna ubaridi wa nyuzi 12 hivi mwaka mzima. Kuonja mara nyingi ni bure au euro chache, na unaongea na mtu aliyeilima mwenyewe. Huduma kwenye mashamba madogo naipa alama zote, piga simu kabla tu, maana wakati wa mavuno mwezi wa tisa na wa kumi hakuna mwenye nafasi na wewe.

Savennières sasa. Hii iko karibu na Angers, mizabibu ipo kwenye mteremko wa mwamba wa shisti unaoangalia mto, na humo ndo kuna Coulée de Serrant, shamba la hekta saba hivi lenye jina lake rasmi peke yake, lililopandwa na watawa wa Cistercian karne ya 12. Hiyo bei yake inazidi euro 100 na sitaizungumzia hapa kwa sababu mtu wa kawaida hainunui kwa chakula cha Jumapili. Nazungumzia Savennières ya euro 22 mpaka 30. Nilifungua moja ya 2019 jioni, pua hamna kitu, mdomoni imekaza, ina uchunguuchungu mwishoni, mke wangu akasema hii imeharibika. Nikarudisha kizibo nikaiacha jikoni, sio kwenye friji. Kesho yake jioni tukamimina tena, chumba kizima kinanukia: nta, asali lakini bila utamu, tufaa lililookwa, na kale kaharufu ka sweta la sufi lililoloa maji ambako wapenzi wa Chenin wanakajua. Ule uchungu umegeuka kama ganda la balungi, na ladha inabaki, inabaki, unaongea unamaliza sentensi bado ipo. Tangu hapo Savennières nafungua asubuhi kwa ajili ya usiku, au jana yake kabisa.

Na joto. Watu wanazinywa hizi waini zikiwa barafu, nyuzi nne au tano moja kwa moja kutoka friji, halafu wanasema nyeupe drai hazina ladha. Baridi inafunga harufu na inabakiza ukali peke yake. Muscadet ya kawaida nyuzi 8 mpaka 10 ni sawa, Sauvignon 10, Chenin nzuri 12 na hata 13. Kama huna kipimajoto, itoe friji nusu saa kabla. Na glasi isiwe ndogo ile ya shampeni.

Kwa chakula, huku wanakupa jibini la mbuzi la Chavignol na Sancerre, na kwa kweli hapo Sancerre inajitetea vizuri. Lakini kwangu mimi mtu wa Tanga, samaki wa kupaka mwenye nazi nzito na Vouvray sec au Montlouis ndo penyewe, asidi inakata mafuta ya nazi, na ule unene wa Chenin unabeba bizari bila kupotea. Sauvignon na tui la nazi zinagombana, nimejaribu.

Kuhusu kununua, kuna duka moja la mtandaoni lilinitumia chupa yenye kizibo kibovu, harufu ya boksi lililoloa, nikalalamika wakataka nithibitishe, mazungumzo hayakuisha. Duka la mtaani kwangu likitokea hilo narudisha chupa na waini yake ndani, muuzaji ananusa, ananipa nyingine. Lipa euro mbili zaidi ununue kwa mtu.

Kwa walioko nyumbani, za Loire zikifika Dar au Nairobi bei inakuwa mara mbili tatu na mara nyingi ni Sancerre, kwa hiyo kuijua Chenin anzieni Afrika Kusini, wao wana Chenin nyingi kuliko hata Ufaransa, chagueni iliyotoka mizabibu mizee. Ladha ya tunda inazidi na ya chokaa inapungua, ila ukoo utauona. Na Dodoma pia Chenin ipo shambani, natamani sana kuonja ya kule iliyotengenezwa drai kwelikweli na kulazwa na mashapo.

Mwaka wa kununua: 2018, 2020 na 2022 ilikuwa miaka ya joto, waini zimeiva na ni laini, anayeanza atazipenda. 2021 baridi ya mwezi wa nne iliunguza machipukizi, mavuno yakawa kidogo, lakini Chenin zilizopona zina asidi ya kukata na shoka na zitakaa. Ukikuta Montlouis ya 2021 kwa chini ya euro 20 chukua mbili, moja ya sasa na moja ya kulaza.