Uzoefu wangu: mashine ya kuchonga bodi za saketi na wateja wake hapa Mtwara

Mashine ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya mezani ambayo mafundi wanaifahamu kwa namba 3018, namba inayotokana na eneo lake la kazi la sentimita 30 kwa 18. Nimeiweka katika karakana yangu ya elektroniki Mtwara mjini, na nimeitumia msimu mzima wa korosho kuchonga bodi za saketi, yaani vibao vyenye njia za shaba vinavyobeba vipuri vya kifaa cha umeme, kwa wateja wa mkoa huu na wa Lindi. Namwandikia hasa fundi anayejiuliza kama kazi hii ina soko huku kusini, kwa sababu maelezo mengi niliyosoma kabla ya kununua yalisifu ubora wa mashine bila kusema ni nani atakayelipa.

Nianze na utendaji. Bodi ya kawaida ina tabaka la shaba lenye unene wa maikroni 35 tu juu ya ubao wa faibaglasi wa milimita 1.6, na kazi ya mashine ni kukwangua shaba hiyo pembeni mwa kila njia ya umeme ili njia zisigusane. Ncha yake imechongoka kwa umbo la V, kwa hiyo kadiri inavyozama ndivyo mfereji unavyopanuka. Bodi ikipinda kidogo, upande mmoja unaliwa kupita kiasi na upande wa pili shaba inabaki haijakatika. Dawa yake ni kuiacha mashine ipime kwanza. Waya mmoja unabanwa kwenye ncha na mwingine kwenye shaba, kisha ncha inashuka taratibu na kugusa bodi hapa na pale, hadi programu ipate miinuko yake yote na kurekebisha kina cha kuchonga. Nikifuata utaratibu huo napata njia safi zinazolehemiwa bila usumbufu. Michoro naiandaa kwa KiCad, programu ya kompyuta isiyo na malipo. Bodi inayoenea kiganjani nikiianza asubuhi inakuwa tayari mchana, ikiwa na matundu yake, wala sihitaji tena beseni la feriki kloraidi, kemikali ya kuyeyushia shaba, lililokuwa likitia madoa kila kitu karakanani.

Ina upungufu ambao mteja lazima aelezwe. Matundu hayapakwi shaba ndani, hivyo bodi ya pande mbili inabidi iunganishwe kwa vipande vya waya vinavyolehemiwa juu na chini. Shaba inabaki wazi, na kwa hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani itaota kutu ya kijani upesi isipopakwa vanishi. Vumbi la faibaglasi ni hatari kwa mapafu. Barakoa na mashine ya kufyonza vumbi si vitu vya kuahirisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hupoteza kumbukumbu ya mahali ilipofikia, kwa hiyo yangu inapata umeme kupitia betri.

Sasa soko. Wavumbuzi wenye wazo la kifaa kipya, ambao ndio wanaolengwa na matangazo ya mashine hizi, ni wachache huku. Vijana wanaosomea umeme VETA huja na kazi zao za mafunzo, nami nawachongea kwa bei ndogo kwa moyo mmoja, lakini hao hawawezi kulipa kodi ya karakana. Anayelipa ni yule ambaye kitu chake kimesimama. Msimamizi wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho alipoleta bodi iliyoungua ya oveni ya kukaushia, nilianza kumtajia gharama, akanikatiza: “Fundi, bei tutaongea. Niambie kwanza oveni inawaka lini.” Oveni ikizimika, korosho zilizokwisha kubanguliwa haziwezi kumenywa ngozi ya ndani, na wafanyakazi wanakaa bure. Bodi mpya ingeagizwa nje. Mimi nilifuatilia njia za ile iliyoungua, nikaichora upya, nikaichonga.

Kazi za namna hiyo ndizo zilizonibeba: majokofu ya wauza samaki, pampu za visima vya sola, na sehemu ya kuchajia ya mizani za kidijitali za vyama vya msingi vya ushirika. Kwenye mizani sigusi kabisa sehemu ya upimaji, kwa sababu hiyo ni ya Wakala wa Vipimo kuikagua.

Mteja anayetaka bodi nyingi zinazofanana namwelekeza aagize China, ambako bodi zenyewe ni za bei ndogo kuliko hata usafirishaji wake. Siwezi kushindana nao kwa wingi, wala sioni sababu ya kujaribu. Ninachouza ni kasi, na hata kampuni ya Kijerumani ya LPKF, iliyoanzishwa mwaka 1976, imejenga biashara ya mashine za daraja la juu kwa kuwauzia wenye maabara kasi hiyo hiyo.

Kwa fundi wa Lindi, Masasi au Newala anayefikiria kununua, mashine naipendekeza kwa dhati. Ila kabla ya kulipa, azungukie viwanda vya korosho, mafundi wa majokofu na wenye pampu kabla ya Oktoba, aone bodi zipi zinaungua mara kwa mara na aombe zile mbovu akazichore mapema. Ncha anunue za akiba za kutosha, kwa sababu faibaglasi inazimaliza makali haraka, na mteja wa msimu hatasubiri mzigo utoke Dar es Salaam.