Pesa ya ngozi, Mtwara: anzia gengeni, dukani baadaye

Siku hizi maduka ya vipodozi mjini yamejaa vichupa vya vitamini C. Si vibaya vyote, lakini kwa mkazi wa Mtwara au Lindi, ningevipanga karibu na mkia wa orodha ya vitu vya kununulia ngozi. Jua letu, moshi wa kuni na sigara huzalisha chembe haribifu zinazoshambulia mafuta na protini za ngozi. Antioksidanti huzizima, na nyingi zipo sokoni kwa bei ya fungu. Vitamini C ina kazi ya ziada: mwili unaihitaji kutengeneza kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 75 kwa siku, mwanamume 90, na mvutaji wa sigara aongeze 35.

Namba moja: mapera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, wakati chungwa lina kama 50 tu. Chagua lililoanza kugeuka njano, linalonukia, ambalo halijapondeka. Lioshe ule na ganda lake.

Mabibo yangeshika nafasi hiyo kama yangepatikana mwaka mzima. Msimu ukifika, kuanzia Newala hadi Tandahimba, watu wanakimbizana na korosho, bibo linaachwa lioze chini ya mti. Ni hasara kubwa, maana kwa vitamini C linalizidi chungwa mara kadhaa. Shida yake ni kwamba halikai: la asubuhi, jioni limeshalegea. Kwa hiyo muulize muuzaji, "Mama, haya ya leo?" na kama anasitasita, pita. Chukua yasiyopasuka, kamua, chuja, tia chumvi kidogo kupunguza ule ukali unaokamata koo, unywe siku hiyohiyo. Vaa nguo ya zamani, doa lake halitoki. Na kabla hujauliza: hapana, uraka, ile pombe ya mabibo, hauhesabiki.

Ubuyu ni wa tatu, na ndiyo chaguo la miezi ambayo matunda yameadimika, kwa sababu ukiwa mkavu unatunzika. Nunua unga mweupe au wa rangi ya maziwa, usio na sukari wala rangi. Ule mwekundu wa pipi ni starehe, uite hivyo. Ukitaka kuweka kwenye uji, subiri uepue kwanza, kwani moto huiua vitamini C.

Papai lina nafuu zote mbili, vitamini C na karotini (antioksidanti yenye rangi ya chungwa), na hupatikana karibu muda wote, basi halihitaji maelezo mengi. Mchicha, matembele, kisamvu na viazi lishe vya rangi ya chungwa ndivyo hasa vya karotini, ila karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Wanaopika kisamvu kwa nazi au mchicha kwa karanga wanafanya jambo la maana bila kuambiwa na daktari.

Kwenye vitamini E, antioksidanti nyingine, nitawaudhi wakulima wetu. Korosho ina kidogo sana, chini ya miligramu 1 kwa gramu 100, huku karanga zikiwa na kama 8. Korosho tule kwa shaba na zinki zake, na kwa utamu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kinakupa zaidi ya theluthi ya miligramu 15 za siku. Mafuta ya ufuta wa Lindi yana vitamini E kidogo kuliko ya alizeti, ila hayachachi haraka; chukua chupa isiyoanikwa juani.

Ukibakiwa na pesa, nunua kwanza kofia pana na losheni ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Ndipo ufikirie seramu, yaani kile kichupa cha vitamini C. Yenye asidi askobiki (ndiyo vitamini C yenyewe) ya asilimia 10 hadi 20 inafaa, lakini mwanga, hewa na joto huiharibu, na joto la hapa unalijua. Dai chupa ya rangi nzito inayofunga vizuri, angalia tarehe, uihifadhi kwenye friji. Ikigeuka kahawia, imekwisha. Na hata ikiwa nzima haichukui nafasi ya losheni ya jua.

Mkiani kabisa: vidonge. Anayekula matunda na mboga kila siku hana sababu ya kuvinunua. Vitamini C ikizidi gramu 2 kwa siku inaweza kukuharishia, na vidonge vya karotini vimeonekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji wa sigara. Utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994 ndio ulioshtua watu.

Krimu za kung'arisha sijazipa namba. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali zinazotiwa humo kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ndiyo inayosimamia. Kopo lisilo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji lirudishe kwenye shelfu, hata kama shoga yako ameapa limemtakatisha.