Blender kwa mwenye laptopu ya mtumba: mlango wa Bagamoyo kutoka nakshi hadi gemu

Kwa anayetaka kutengeneza vitu vyake mwenyewe vya gemu bila kulipia leseni, Blender, programu ya bure ya kuunda maumbo ya 3D, inatosha, hata kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8. Inachodai ni kupangwa vizuri kabla hujagusa kiboksi cha kwanza. Malalamiko mengi dhidi yake, kwamba ni nzito, inaganda, au kitu kinatokea kikiwa kimepinda ndani ya gemu, chanzo chake ni mipangilio. Ipo sehemu moja ambapo lawama ni ya programu yenyewe, nayo ni uokaji wa nakshi, yaani kuigeuza nakshi ya umbo zito kuwa picha ya kuvika umbo jepesi.

Tumeipima kwa mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wa aina inayoonekana Mtaa wa India. Mlango huo ni mtihani mzuri kwa sababu una kila kitu: miimo mipana, mfaa katikati, misumari ya shaba iliyojitokeza, nakshi ya kina kifupi, na mbao mbili zinazopaswa kufunguka mchezaji anapoingia.

Anza na toleo. Laptopu nyingi za mtumba hutegemea grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa, na hiyo ndiyo inayoamua Blender ipi utumie. Bonyeza Windows na R, andika dxdiag, fungua ukurasa wa Display usome jina. Ukikuta HD 3000, usipoteze bando; kuanzia 2.80 hakuna toleo litakalokufaa. HD 4000, iliyomo kwenye ThinkPad T430 na Latitude E6430 nyingi, haifiki OpenGL 4.3, kiwango cha uchoraji wa grafiki kinachotakiwa na Blender kuanzia 4.0, kwa hiyo chukua 3.6 LTS (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu). HD 5500, kama ya EliteBook 840 G2, inaendesha 4.2 LTS ya Julai 2024. Masharti rasmi ya 4.2 yanataja prosesa yenye koa (core) 4. Zenye koa 2 zinaifungua na kufanya kazi, ila wakati wa kuoka utasubiri.

Pakua faili la zip badala ya lile la kusakinisha. Lifungue kwenye diski yenye nafasi, kisha ndani ya folda ya Blender, pembeni ya blender.exe, tengeneza folda tupu iitwe portable. Kuanzia 4.2 mipangilio yako yote itakaa humo, na unaweza kuinakili folda nzima kwenye fleshi ukaenda nayo kwa mwenzako bila kupakua tena. Kwa mji ambao watu wanagawana bando, hilo peke yake ni sababu ya kuipenda.

Ndani ya Preferences, fungua ukurasa wa Input uwashe Emulate Numpad kama kibodi yako haina namba za pembeni, maana bila hizo kugeuza mtazamo ni mateso. Nunua mausi yenye gurudumu. Padi ya kugusa haifai kwa kazi hii. Kwenye Viewport, zima Anti-Aliasing. Fanya kazi kwenye mwonekano wa Solid, na ufungue ule wa Rendered pale tu unapokagua, kwa sababu huo ndio unaochemsha laptopu na kuifanya igande. Auto Save huhifadhi kila baada ya dakika 2 kwenye folda ya muda. Umeme ukikatika na betri imechoka, nenda File, Recover, Auto Save. Faili la .blend1 linalojitokeza pembeni ya kazi yako usilifute. Ni nakala ya uhifadhi uliotangulia, na imeokoa kazi za wengi.

Jambo moja la 4.2 linasumbua wenye intaneti ya kubahatisha: viongezi vingi vilivyokuwa vikija na programu, LoopTools kwa mfano, sasa vinapakuliwa kando. Vipakue kama zip mahali penye mtandao, kisha uziburute na kuzidondosha kwenye dirisha la Blender. Node Wrangler bado imo, iwashe tu.

Kabla ya kuchora, pima. Piga hodi, salimia, omba ruhusa kwa mwenye nyumba, kisha tumia futi ya kamba: upana, urefu, unene wa miimo, kina cha nakshi. Piga picha za aina mbili. Za rangi zipigwe kwenye kivuli au siku ya mawingu, kwa sababu mistari ya vivuli vya jua kali ikiingia kwenye picha itabaki mbaoni hata taa ya gemu ikitoka upande mwingine. Za kusomea nakshi zipigwe jua likiwa limelala, mabonde yaonekane.

Acha vipimo vya Metric, mita 1 iwe mita 1. Mlango wa mita 1.4 kwa 2.4 uwe hivyo hivyo kwenye skrini. Ukinyoosha kiboksi kwa S, bonyeza Ctrl+A uchague Scale kabla ya kuendelea. Ukiruka hatua hii, kingo zitalainishwa kwa unene usiolingana na picha ya mbao itavutika.

Mfaa usiugandishe kwenye fremu. Kwenye mlango halisi umepigiliwa kwenye ubao mmoja na kufunika mwanya wa katikati, kwa hiyo kwenye gemu nao uende na ubao wake. Kila ubao uwe kitu chake, na kitovu chake kikae kwenye bawaba: katika hali ya kuhariri chagua ukingo wa upande wa bawaba, Shift+S, Cursor to Selected, rudi hali ya kawaida, kisha Set Origin, Origin to 3D Cursor. Bila hivyo ubao utazunguka kiuno chake katikati ya hewa.

Misumari ya shaba ibaki kuwa umbo, kwa sababu inaonekana pembeni mlango ukitazamwa kwa ubavu. Koni ya pande 6 isiyo na kitako ni pembetatu 6. Misumari 60 ni pembetatu 360 tu. Irudufishe kwa Alt+D, si Shift+D, ili ukirekebisha mmoja yote ibadilike. Nakshi ni habari nyingine. Ukiichonga kwenye umbo la gemu lenyewe utafika mamia ya maelfu ya pembetatu, na simu ya kawaida haitakubali. Tengeneza maumbo mawili: zito lenye nakshi yote, na jepesi lenye pembetatu kama 1,500. Kwenye lile zito, chora ua moja la duara kwa mistari ya Bezier, lipe unene, kisha liache Array, kirekebishi cha kurudufisha, ilirudie kwenye mwimo mzima. Kuchonga kwa brashi ua moja baada ya jingine kutaimaliza RAM ya GB 8 kabla hujafika kizingiti cha juu.

Sasa uokaji, yaani kuihamisha nakshi ya umbo zito iwe ramani ya nomali, picha ya rangi ya zambarau inayoifanya taa ya gemu ione mabonde yasiyokuwepo. Matokeo ya Blender hapa ni mazuri sana. Njia ya kuyafikia imefichwa vibaya, na baada ya miaka yote hii ilistahili kuwa rahisi zaidi. Injini ya kukokotoa picha ndani ya Blender lazima iwe Cycles; ile nyingine, Eevee, haioki. Umbo jepesi liwe limekunjuliwa UV, yaani uso wake umetandazwa bapa ili picha ikae juu yake, bila vipande kulaliana. Kwenye materiali yake ongeza nodi ya Image Texture yenye picha mpya ya pikseli 1024, iweke Non-Color, na uiache nodi hiyo ikiwa imechaguliwa; usipofanya hivyo utaambiwa hakuna picha. Chagua umbo zito kwanza, kisha jepesi ukiwa umeshika Shift. Washa Selected to Active, Extrusion mita 0.02, aina Normal. Punguza Samples, ambazo huja zikiwa 4096, ziwe 16. Ramani ya nomali haizihitaji, na kwenye prosesa ya koa 2 tofauti yake ni ya kukaa ukingoja bure.

Ukipata madoa meusi, Extrusion ni ndogo au UV zimelaliana. Mistari ikionekana kwenye kona kali, umeweka ukingo mkali (Sharp) mahali ambapo UV haijakatwa. Na picha ikishaokwa, ihifadhi kwa mkono kwenye dirisha la Image. Kuhifadhi faili la .blend hakutoshi: ukiifunga programu bila kuihifadhi picha yenyewe, inapotea. Huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote.

Rangi zipange kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, haina shida. Ukubwa uuchunge: picha ya 1024 isiyobanwa inachukua MB 4 za kumbukumbu, ya 2048 MB 16, ya 4096 MB 64. Mlango una ramani tatu, kwa hiyo 4096 ni MB 192 kwa mlango mmoja, na mtaa una milango mingi.

Kabla ya kutoa, washa Face Orientation. Nje iwe bluu. Panapoonekana pekundu, ingia hali ya kuhariri, A, kisha Shift+N, la sivyo mlango utakuwa na matundu ndani ya gemu. Toa kwa glTF, faili la .glb, ukiacha +Y Up ikiwa imewashwa, na uwashe Apply Modifiers.

Kwa Godot, injini ya bure ya kutengenezea gemu, kitu ambacho jina lake linaishia na -col hupata ukuta wa kugongana chenyewe. Usiuweke kwenye nakshi wala misumari. Tengeneza kiboksi rahisi kinachofunika ubao na ukipe jina linaloishia na -convcolonly, kisionekane ila kizuie. Ramani ya nomali ya Blender inasomeka Godot bila kuguswa. Unreal, injini nyingine ya gemu, inataka chaneli ya kijani igeuzwe, na dalili ya kusahau hilo ni nakshi kuonekana imejaa pale ilipopaswa kuzama. Kwa simu za bei nafuu chagua rendara (mfumo wa kuchora picha za gemu) ya Compatibility tangu unapofungua mradi, kisha ujaribu mlango kwenye simu yenyewe, kwa sababu laptopu haitakuonyesha pale simu itakapokwama.