Vyombo vya foili kwa pai ya kuku: friza vinaiweza, mifuniko yake hapana

Kwa anayepika pai za kuku tatu kwa mpigo, mbili za kuweka akiba, vyombo vya foili vya duara vya sentimita 22 vinashinda bakuli la kioo. Vinatoka friza na kuingia oveni yenye moto papo hapo. Kioo ukikifanyia hivyo hupasuka.

Tatizo ni wembamba wake. Pai iliyojaa hufika karibu kilo moja na nusu. Ukiinyanyua kwa kushika ukingo, chombo hujikunja, unga wa juu (ganda linalofunika pai) unapasuka na rojo linamwagika. Kikalishe juu ya trei ya chuma kabla hujaanza kujaza, na kisitoke hapo hadi pai iive.

Chombo kimoja kinachukua kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa gramu 400, karoti na njegere gramu 200, na rojo la siagi gramu 60, unga gramu 50, supu mililita 350 na maziwa mililita 150. Viazi viache kama pai ni ya friza, maana vikiyeyuka huwa na chengachenga na kutoa maji. Rojo lipoe kabisa kabla ya kulifunika kwa unga wa juu. Likiwa na moto huyeyusha siagi iliyo kwenye unga huo, na badala ya ganda linalomeguka unapata kitu kama ugali. Unga wa chini usiweke: foili inayong'aa hurudisha joto, hivyo huchelewa kuiva.

Mifuniko ya karatasi inayouzwa pamoja na vyombo hivi haizuii hewa, na hewa ya friza hukausha unga na kuku. Zungushia plastiki mara mbili, kisha foili, andika tarehe. Pai mbichi (kuku awe ameshaiva) hubaki na ladha nzuri miezi mitatu kwenye nyuzi -18.

Siku ya kuoka usiiyeyushe. Toa plastiki yote, chana unga wa juu mara nne mvuke utoke, oka nyuzi 190 kwa dakika 75 hadi 90, ukifunika kwa foili unga ukianza kuwa kahawia. Katikati pafike nyuzi 74. Ukingo hutokota mapema na kudanganya. Itakayobaki iingie friji ndani ya saa mbili, iliwe ndani ya siku tatu au nne.