Programu yangu ya kuchorea imezeeka, sasa inanichorea mizimu

Programu hii niko nayo tangu enzi za Windows XP. Kufumba na kufumbua imeshafunguka, na kalamu yake inautii mkono kuliko nyingi nilizojaribu baadaye. Kasoro zilianza nilipoihamishia kwenye kompyuta mpya.

Nikivuta mstari, nyuma yake vinabaki vimistari vyembamba, mfano wa nywele zilizonasa kwenye rangi mbichi. Siku ya kwanza nilichukua kifutio. Nikafuta, havitoki. Nikakazana. Kisha nikalishusha dirisha na kulipandisha tena: vimistari vyote vimeyeyuka, na nusu ya ukuta wa nyumba niliyokuwa nachora haipo. Kumbe muda wote nilikuwa nafuta mchoro wa kweli nikifukuza kivuli! Bahati nzuri nilikuwa nimehifadhi.

Nilipochimba nikaelewa. Programu nyingi za zamani, ukiwa bado unavuta mstari, hazipaki rangi yoyote. Zinageuza tu rangi za pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, zilizo chini yake, kisha zinazigeuza mara ya pili ili zirudi zilivyokuwa. Ujanja mzuri, na kwa kompyuta dhaifu za wakati ule ulikuwa mwepesi. Ila kitu kikilichora upya eneo lile katikati ya mgeuzo wa kwanza na wa pili, ule wa pili haufuti tena, unachora. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, madirisha huchorwa kwanza pembeni kwenye kumbukumbu ndipo yaunganishwe na kuonyeshwa, na yangu haikutungwa kwa mazingira hayo.

Halafu kuna ukungu. Skrini yangu nimeikuza hadi 150%, nayo programu inaamini iko kwenye nukta 96 kwa inchi, yaani ukubwa wa kawaida usiokuzwa, kwa hiyo picha yake inavutwa kama mpira. Nilibofya kulia kwenye ikoni, nikaingia kwenye sifa zake, nikaiachia programu yenyewe ijipimie ukubwa. Ukungu ukaisha, vitufe vikawa vidogo kama punje za mtama. Nimevizoea.

Mizimu imepungua, haijaisha. Ninapoona mstari nisioukumbuka sishiki kifutio. Nashusha dirisha, napandisha, ndipo naamua. Faili lenyewe halijawahi kutoka na uchafu huo hata mara moja.

Anayeanza kuchora leo atafute nyingine. Mimi yangu siiachi.